Utabiri wa Tuzo na Hukumu ya Sinema

Mji wa Tunduma umo mpakani mwa Tanzania na Zambia, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kuugawanya Mkoa wa Mbeya. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapo kwenda Nakonde, na reli ya TAZARA hali kadhalika. Malori husimama foleni yakingoja hati zake. Na ijapokuwa kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 2019 ili kuupunguza muda huo, kungoja bado ni sehemu ya maisha ya mji. Mahali ambapo watu wengi hungoja pana haja ya kitu cha kupitishia saa. Katika miji ya namna hii kitu hicho kimekuwa, kwa miaka mingi, banda la video: chumba cha mabati au cha matofali, mabenchi machache, televisheni moja, na kiingilio ambacho hata utingo wa lori hakimshindi.

Mtu akiketi katika banda la namna hiyo hakawii kusikia utabiri. Mchezo haujafika robo, na mtazamaji mmoja amekwisha sema kwamba yule mwenye kuchekacheka ndiye msaliti. Mwingine amesema kwamba rafiki wa steringi atakufa kabla ya mwisho, ili steringi apate sababu ya kulipiza kisasi. Risasi zikimiminika, wote hutulia, kwa kuwa inajulikana tangu zamani kwamba steringi hafi. Na siku steringi akifa, banda zima hunung'unika: wengine hudai kwamba wameibiwa fedha zao, na wengine husema kwamba huo ndio mchezo wa kweli kupita yote waliyopata kuiona.

Uko utabiri mwingine wa sinema, ambao kiti chake si benchi la banda. Kila mwaka, tangu mwezi wa Desemba mpaka Machi, magazeti, redio na wapenzi wa sinema duniani hushughulika kubashiri nani atapewa tuzo za Oscar, ambazo Akademia ya Sanaa na Sayansi za Sinema ya Marekani imezitoa tangu mwaka 1929. Shughuli hiyo imefika Afrika ya Mashariki pia, na wako vijana wanaozipanga sinema katika orodha kama wapangavyo mechi za mpira katika mikeka yao ya kubeti. Tabiri hizi mbili, ijapokuwa zaitwa kwa jina moja, ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni mlango wa uhakiki. Ya pili, isipoangaliwa, huufunga mlango huo. Tena hasara ya kuufunga ni kubwa zaidi kwa wasemaji wa Kiswahili kuliko kwa watu waliozoea kuziona kazi zao zikitunzwa katika ukumbi ule.

Tofauti yenyewe ni hii. Mtabiri wa bandani huusoma mchezo. Ushahidi wake wote umo ndani ya picha: namna mtu alivyoingia, neno alilolisema kwa haraka mno, muziki uliobadilika mlango ulipofunguliwa. Asemapo kwamba steringi hafi, ametaja kanuni ya utungaji ambayo hakufundishwa darasani bali aliipata kwa kutazama michezo mingi. Akikosea, picha yenyewe humsahihisha papo hapo, naye huondoka akiijua sanaa ya utungaji zaidi kuliko alipoingia. Hata yule mfasiri wa sinema ambaye sauti yake huingizwa juu ya mchezo wa kigeni, kazi ambayo Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu aliipatia umaarufu katika Tanzania, hakuwa mfasiri tu. Alisifu, alikejeli, alieleza sababu, na mara nyingine aliuhukumu mchezo wakati ule ule alipokuwa akiusimulia.

Mbashiri wa tuzo hausomi mchezo. Huwasoma wapigaji kura. Ushahidi wake u nje ya picha, nao ni mwingi. Hana budi kujua kwamba Akademia ina wapigaji kura wapatao 10,000, waliogawanywa katika matawi kwa kazi zao. Kwamba kwa desturi waigizaji huteua waigizaji na wahariri wa picha huteua wahariri, lakini katika duru ya mwisho wanachama wa matawi yote hupiga kura. Hana budi kujua kwamba sinema bora ya mwaka, tangu sherehe ya mwaka 2010, huchaguliwa kwa wapigaji kura kuzipanga sinema kwa daraja, ya kwanza hadi ya mwisho, na kwamba kwa hesabu hiyo sinema inayopendwa mno na wachache na kuchukiwa na wengine huweza kushindwa na sinema ambayo watu wengi wameiweka ya pili au ya tatu. Hutazama pia tuzo za vyama vya ufundi zinazotangulia, hasa ile ya chama cha waongozaji, ambayo tangu miaka ya 1940 imekhitilafiana na tuzo ya Akademia mara chache tu. Zaidi ya hayo huzitazama fedha. Waswahili husema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini huko Hollywood hata kizuri hutembezwa, na kampuni hutumia mamilioni ya dola kuzikumbusha kura zilipo sinema zao.

Maarifa haya si ya kudharauliwa, maana yana ukweli juu ya namna hukumu za watu zinavyotengenezwa. Mwaka 1912 haungeweza kuleta habari kama ile iliyochapishwa miaka 100 baadaye na gazeti la Los Angeles Times, ambalo mwaka 2012 lilichunguza orodha ya wapigaji kura na kuona kwamba karibu asilimia 94 walikuwa wazungu na asilimia 77 wanaume. Mwenye kubashiri alizitumia tarakimu hizo kama mvuvi atumiavyo habari za maji kujaa na kupwa. Lawama zilipozidi, Akademia ilitangaza mwezi wa Januari 2016 kwamba itaongeza maradufu idadi ya wanawake na ya watu wasio wazungu, na wabashiri nao wakabadili hesabu zao. Lakini katika hesabu zote hizo, za kwanza na za pili, hapakuwa na swali hata moja ambalo lazima lijibiwe kwa kuitazama sinema. Mbashiri hodari huweza kutaja washindi wengi kwa usahihi bila ya kufungua macho yake mbele ya picha hata moja. Kuna lililo zito kupita hilo: mwezi wa Aprili 2025 Akademia ilitangaza kanuni mpya, kwamba tangu sasa mwanachama hatapiga kura ya mwisho katika kundi la tuzo asipokuwa amezitazama sinema zote zilizoteuliwa katika kundi hilo. Kanuni haitungwi ila pana jambo la kukatazwa. Ikiwa waamuzi wenyewe walihitaji kuamriwa watazame, si ajabu kwamba wabashiri hawakuona haja.

Hebu yaangaliwe makosa yao, kwa kuwa kosa huonyesha kazi ilivyo. Usiku wa tarehe 26 Februari 2017 ilitangazwa jukwaani kwamba La La Land ndiyo sinema bora, kama wengi walivyotazamia. Dakika chache baadaye ikadhihirika kwamba bahasha iliyosomwa haikuwa yake, na mshindi ni Moonlight. Mwezi wa Februari 2020 wengi waliitarajia 1917, na tuzo ikaenda kwa Parasite ya Bong Joon-ho wa Korea ya Kusini, sinema ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata tuzo hiyo kubwa. Mwezi wa Aprili 2021 watengenezaji wa sherehe waliiweka tuzo ya mwigizaji bora wa kiume iwe ya mwisho, na karibu kila mtu aliamini kwamba itakuwa kumbukumbu ya Chadwick Boseman aliyefariki mwaka uliotangulia. Aliyetangazwa ni Anthony Hopkins, naye hakuwako ukumbini. Wabashiri walipoulizana baada ya matukio hayo wapi walipokosea, walijibizana juu ya umri wa wapigaji kura, juu ya wanachama wapya walioko nchi za nje, na juu ya siku kura zilipofungwa. Majibu hayo huenda ni sahihi. Lakini mtazamaji wa bandani aliyekosea juu ya kifo cha steringi hurudi katika mchezo. Mbashiri aliyekosea hurudi katika orodha ya wanachama.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi aijua tofauti hii bila ya kufundishwa. Kwa miaka mingi kahawa ya nchi hii ilipelekwa mnadani Moshi, na bei ilitegemea mambo yaliyo mbali na shamba: mavuno ya Brazili, thamani ya dola, idadi ya wanunuzi waliofika siku ile. Mkulima mwenye busara alijitahidi kuikisia bei, maana ada ya shule ilitegemea hapo. Lakini hakuichukua bei kuwa ndiyo ubora. Ubora aliujua kwa kuchuma buni iliyoiva, kwa kuimenya siku ile ile, na kwa kuianika bila ya kuinyeshea. Mwaka wa bei mbaya haukumfanya aseme kwamba kahawa yake ni mbaya. Angalikuwa mtu wa kusema hivyo, angaliacha kuimenya vizuri, na mwaka wa bei njema ungalimkuta hana kitu cha kuuza.

Ikiwa bei na ubora ni mambo mawili, yafaa kutazama bei ambayo Afrika imepewa katika soko hilo. Kwa upande wa sinema za lugha zisizo Kiingereza, ambapo kila nchi hupeleka sinema moja, tuzo imeandikwa kwa nchi za Kiafrika mara tatu: Aljeria kwa sinema iitwayo Z, katika sherehe ya mwaka 1970, Kodivaa kwa Noirs et blancs en couleur, mwaka 1977, na Afrika ya Kusini kwa Tsotsi, mwaka 2006. Mwongozaji wa ile ya kwanza, Costa-Gavras, ni mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi Ufaransa. Wa pili, Jean-Jacques Annaud, ni Mfaransa. Wa tatu tu, Gavin Hood, ndiye mwana wa nchi iliyoandikwa. Sinema mbili za kwanza zasema Kifaransa. Mbashiri ataitazama orodha hii na kusema kwamba sinema ya Kiafrika iongozwayo na Mwafrika katika lugha ya Kiafrika haina nafasi kubwa. Atakuwa amesema kweli kama hesabu, lakini hajasema lolote kama hukumu.

Kiswahili nacho kimefika katika ukumbi ule, lakini daima kikiwa kimebebwa mgongoni mwa mwenye safari yake. Mwaka 1995 maneno mawili ya Kiswahili, hakuna matata, yalikuwa jina la wimbo ulioteuliwa kutoka katika katuni ya The Lion King; wimbo mwingine wa katuni ile ile ukashinda. Mwaka 2003 tuzo ya sinema ya lugha ya kigeni ilikwenda Ujerumani kwa Nirgendwo in Afrika, kazi ya Caroline Link, ambayo yasimulia habari za jamaa ya Kiyahudi iliyokimbilia Kenya mwaka 1938. Humo Kiswahili chasikika sana, na Sidede Onyulo, aliyeigiza mpishi Owuor, asema kwa utulivu na heshima unaompa mtu wake uzito kuliko nafasi aliyopewa katika hadithi. Hata hivyo nafasi hiyo ni ya mpishi, na safari ni ya mgeni. Mwaka 2018 sinema fupi ya Watu Wote iliteuliwa. Yahusu shambulio la basi karibu na Mandera mwezi wa Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo ili hao wauawe. Kiswahili na Kisomali ndizo lugha zake, na waigizaji wake ni watu wa Kenya. Mwongozaji wake, Katja Benrath, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Hamburg. Haikushinda. Na hadi sherehe ya mwaka 2025, hakuna sinema iliyopelekwa na Tanzania, Kenya au Uganda katika kundi la sinema za kimataifa iliyopata hata kuteuliwa.

Tanzania ilianza kupeleka mwaka 2001, kwa sinema ya Maangamizi iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Ron Mulvihill wa Marekani. Miaka 21 ikapita. Mwaka 2022 nchi ikapeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyokuwa imeonyeshwa Toronto mwaka uliotangulia. Hapa ndipo tofauti ya tabiri mbili inapokuwa jambo la karibu, kwa sababu sinema hiyo imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1999, na riwaya hiyo imesomwa na wanafunzi wa vidato vya tano na sita kote nchini. Kijana aliyeisoma shuleni Vwawa au Tunduma amekaa na Yasmin na Denge kwa miezi, amewaandikia insha, amewatetea na kuwalaumu mbele ya darasa. Juu ya sinema hii, kijana huyo ana elimu ambayo mpigaji kura wa Los Angeles hana.

Mbashiri wa mwaka 2022 angaliitazamaje? Angalisema kwamba nchi ndogo katika soko la sinema, isiyo na kampuni kubwa ya kuitembeza kazi yake Marekani, ikishindana na nchi zaidi ya 90, haitafika katika orodha fupi ya sinema 15. Angalisema hivyo bila ya kuitazama, na angalikuwa sahihi: haikufika. Basi utabiri ungalitimia, na kitabu kingalifungwa.

Msomaji wa riwaya, akiitazama sinema hiyo, angaliuliza maswali ya namna nyingine. Jina la kazi yenyewe ni mchezo wa kamba: pana ncha mbili, na nguvu zikilingana kamba haisogei bali hukaza. Katika riwaya, Yasmin avutwa na jamaa zake waliomwoza kwa mzee Raza, na nguvu ya upande wa pili ni ya nafsi yake mwenyewe. Denge avutwa na mapenzi upande mmoja na upande mwingine na mapambano dhidi ya utawala wa Kiingereza katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Riwaya ina nafasi ya kuzifuata kamba zote mbili mpaka zipindane. Sinema isiyofika saa mbili haina nafasi hiyo, wala si kosa lake, lazima ichague. Swali la mhakiki ni kama uchaguzi umeiacha kamba ikiwa bado imekaza. Je, Yasmin wa pichani avuta, au huvutwa tu kutoka mkono wa mwanamume mmoja mpaka wa mwingine? Je, siasa ya Denge ni kazi aifanyayo usiku na hofu iliyomo mwilini, au ni mandhari ya nyuma ya mapenzi? Msimulizi wa Shafi, mwenye ucheshi na mwenye kujua kila kichochoro cha Unguja, amepewa nini badala yake wakati sauti yake imenyamazishwa: mwanga, ukimya, muziki? Na lahaja ya Unguja, ambayo ni nusu ya utamu wa kitabu, imesemwaje na waigizaji?

Maswali hayo hayajibiwi na orodha ya sinema 15. Yanaweza kumfikisha mtazamaji katika sifa au katika lawama. Jambo la maana ni kwamba kila jibu huirudisha sinema mbele ya macho, na kila jibu laweza kupingwa na mtu mwingine aliyeitazama vilevile. Hukumu isiyoweza kupingwa kwa ushahidi wa picha si uhakiki.

Hatari ya utabiri haiishi kwa mtazamaji. Huwafikia hata wenye kuchagua na wenye kutengeneza. Mfano wa Kenya mwaka 2018 waonyesha. Rafiki, sinema ya Wanuri Kahiu, ilikuwa ya kwanza ya nchi hiyo kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, na nyumbani ilikuwa imepigwa marufuku na bodi ya serikali. Mwezi wa Septemba mahakama kuu iliiondoa marufuku hiyo kwa siku saba tu, kwa kuwa kanuni za Oscar wakati ule zilitaka sinema iwe imeonyeshwa katika nchi yake kwa siku saba mfululizo. Watu wa Nairobi walijaza ukumbi. Mwishowe kamati ya nchi iliipeleka Supa Modo ya Likarion Wainaina, sinema nzuri ya mtoto mgonjwa na kijiji kinachomsaidia kuiota ndoto yake. Haikuteuliwa. Lililo la kushangaza si uchaguzi wa kamati, bali zile siku saba. Wenye nchi waliruhusiwa kuitazama sinema yao kwa muda ule ambao waamuzi wa nje waliutaka, na muda ulipokwisha mlango ukafungwa. Mtazamaji wa nyumbani alikuwa sharti la kutimizwa katika karatasi.

Huo ndio mwisho wa njia ambayo huanza na mchezo usio na madhara wa kupanga orodha. Mtu akizoea kuuliza, «Wao watapenda nini?», baada ya muda husahau kuuliza, «Hii ni nzuri?» Kamati ikizoea swali la kwanza, huchagua kwa kukisia ladha ya watu isiowajua. Mtengenezaji akilizoea, hutunga akiwa na mwamuzi wa mbali begani mwake: huweka umaskini mahali palipotarajiwa, hueleza lisilohitaji kuelezwa kwa mtu wa Songwe, na huacha lile ambalo mtu wa Songwe angalilitambua mara moja. Nigeria ilipata funzo la upande wa pili mwezi wa Novemba 2019, sinema yake Lionheart ilipoondolewa kwa kuwa sehemu kubwa ya maneno yake ni Kiingereza, lugha ambayo Wanigeria huisema kila siku. Kiswahili hakina tatizo hilo. Lakini kutumia lugha ya nyumbani ili kumridhisha mgeni ni jambo moja, na kuitumia kwa kuwa ndiyo lugha ya mambo yanayosimuliwa ni jambo la pili.

Wapo watakaosema kwamba haya ni makali mno: kwamba utabiri huwavuta watu kuzitazama sinema wasizozijua, kwamba huleta furaha, na kwamba furaha nayo ina haki yake. Hoja hiyo ina ukweli. Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, saa za Afrika ya Mashariki, ilipotangazwa kwamba Lupita Nyong'o amepata tuzo kwa kazi yake katika 12 Years a Slave, furaha iliyoenea Kenya na nje ya Kenya ilikuwa ya haki, na wengi waliokuwa wamebashiri hivyo walijiona kuwa na sehemu ndani yake. Lakini wako waliobashiri kwa sababu wabashiri wengine walisema hivyo, na wako waliobashiri kwa sababu walikuwa wamemwona Patsey wake akisimama mbele ya bwana wake na kuomba kipande cha sabuni. Wote walipata. Ni hawa wa pili tu waliokuwa na kitu cha kusema kesho yake.

Lugha yenyewe yatoa mwongozo. Neno tuzo latokana na kutuza, au kutunza, ambako maana yake ya zamani ni kumpa zawadi mchezaji au mwimbaji. Katika ngoma na katika taarabu, mtuzaji huinuka alipoketi, huenda mbele ya watu wote, na humpa mwimbaji fedha yake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe, wimbo ukiwa bado unaendelea. Mtu hawezi kutuza wimbo asiousikia. Wala hawezi kuficha kwamba ametuza, maana wote wamemwona, na jirani yake aweza kumwuliza kwa nini aliinuka katika ubeti ule na si katika mwingine. Ndiyo maana wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo mara nyingi huchukuliwa kuwa ni sifa ya upendeleo, kana kwamba watu wa nyumbani hutuza chochote. Yafaa kuisoma kwa maana nyingine pia: kwamba wa nyumbani ndio waijuao ngoma, wajuao hatua ipi ni ngumu na ipi ni ya kuigiza, na kwa hiyo tuzo yao ina elimu ndani yake. Tamasha la sinema la Zanzibar, ambalo tangu mwaka 1998 limekuwa likitoa tuzo yake ya Jahazi la Dhahabu, lilijengwa juu ya matumaini ya namna hiyo. Nalo pia litahukumiwa kwa kipimo hicho hicho, yaani kwa kadiri watazamaji wake wanavyoweza kusema kwa nini.

Basi mwanafunzi wa fasihi aliyeko Songwe hakatazwi kubashiri. Lakini na aandike karatasi mbili. Katika ya kwanza aandike, kabla ya washindi kutangazwa, sinema ipi ameiona kuwa bora na kwa sababu zipi, akitaja tukio, neno na sura. Sinema ambayo haijamfikia asiiandike, wala asione haya kuiacha. Na orodha ya alizoziacha itamwonyesha kwa uwazi ni ngapi kati ya zinazosifiwa duniani huwafikia watu wa mkoa wake. Katika karatasi ya pili aandike atakayeshinda. Siku ya matokeo azilinganishe. Zikipatana, ajiulize kama amekubaliana na waamuzi au amewaiga. Zikikhitilafiana, asifanye haraka kuirarua ya kwanza.

Kwa kazi hiyo hahitaji kusafiri mbali. Katika banda la Tunduma yumo mtu ambaye hajapata kusikia habari za Akademia, na ambaye jana usiku aliona steringi akifa. Leo angali anabishana na wenzake: je, kifo kile kilitayarishwa tangu mwanzo, au mtungaji alichoka? Asimamisha mchezo, arudisha nyuma, aonyesha kwa kidole. Aulizwe yeye kwanza.